Ukiuliza pombe, watajibu hapana

Mwezi wa kumi, ukipita mashambani kati ya Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, pua yako itayapata mabibo kabla ya macho. Korosho imenyofolewa, imetiwa ndooni, imekwenda zake. Bibo limebaki chini ya mkorosho, jekundu au la njano, na kufikia kesho yake limeshaanza kuchacha. Korosho ina mizani, ina ghala, ina mnada. Bibo halina mwenyewe. Anayetaka ataokota, atakamua, ataacha maji yake yalale usiku mmoja au mawili, na asubuhi ana uraka. Akiupika huo uraka kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye bomba lililozamishwa majini, anapata nipa. Huku kwetu juu, maji ya kupozea hilo bomba ndiyo ghali kuliko vyote.

Mama yangu alinisomesha kwa nipa. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi, maana makala za ulevi huandikwa mara nyingi na watu wanaojifanya pombe waliiona kwenye televisheni.

Msimu mmoja, miaka michache iliyopita, nilimkuta mtoto wa dada yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kopo la plastiki mkononi, povu jepesi juu ya mdomo. Alikuwa na miaka 14, wiki chache tu baada ya mtihani wa darasa la saba. Nikamuuliza kwa ukali wa kijomba: "We, umeanza kunywa pombe?" Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa. "Hapana, mjomba. Uraka huu."

Hakuwa anadanganya. Huku kusini pombe ni ile ya dukani yenye kizibo, au nipa iliyokwisha kupita kwenye moto. Uraka ni uraka. Wanakunywa wanaopalilia, wanakunywa wanaookota, na bibi humwonjesha mjukuu ili aone kama umeiva. Sasa mchukue mtoto huyo, mpe dodoso lenye swali: je, katika siku 30 zilizopita umekunywa pombe? Ataweka alama kwenye "hapana" kwa roho safi kabisa, na mtafiti atarudi mjini na asilimia ndogo ya kupendeza.

Si swali la kubuni. Shirika la Afya Duniani lina uchunguzi wa afya za wanafunzi unaofanywa katika nchi nyingi, na Tanzania ilishiriki mwaka 2014. Ni kazi nzuri: mwanafunzi hujaza mwenyewe, haandiki jina. Ila kipimo chake cha "kinywaji kimoja" ni glasi ya mvinyo, chupa ya bia au glasi ndogo ya pombe kali. Kopo la uraka linalozungushwa na watoto wanne, kila mmoja akipiga funda mbili na kulipeleka kwa mwenzake, ni vinywaji vingapi? Mtafiti asiyekaa kilingeni na wanywaji hata siku moja hawezi kulijibu hilo, na asipolijibu hana alichopima.

Na hapo tumezungumzia maneno tu. Kuna suala la mwezi.

Fungua kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati kuna miezi minne hivi ambayo mtoto wa miaka 13 au 14 hana shule, hana mwalimu, hana kengele. Mjini wenye pesa huwapeleka watoto kwenye masomo ya kujiandaa na sekondari; kijijini hayapo, na yakiwapo yana ada. Mikoa mingine miezi hiyo ni ya kuzurura tu. Mtwara na Lindi ndiyo miezi ya korosho. Mtoto anaingia shambani kuokota, na jioni ana kibakuli cha korosho ambacho hakuna aliyekihesabu. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo nje ya mnada, hamwulizi umri. Msimu wa 2024 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kangomba atampa chini sana ya hapo, lakini kwa mtoto ambaye Juni hakuwa na mia mbili ya andazi, huo ni utajiri. Pesa ipo, muda upo, kinywaji kimelala chini ya mti. Kama ni mvulana aliyekwisha kupita jandoni, kuna wakubwa watakaomsogezea kigoda badala ya kumfukuza.

Mtafiti huja lini? Huja shule zikiwa wazi, barabara zikiwa kavu na bajeti ikiwa imefunguka. Huja Juni, au Agosti. Anawakuta wanafunzi darasani, wamekaa wima, mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni. Waliomaliza la saba mwaka jana na hawakuendelea hawamo. Aliyeacha shule kidato cha pili akaenda kuendesha bodaboda ya mtu hayumo. Yaani tunawahesabu wale ambao shule bado inawashika, kwenye miezi ambayo mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa salfa. Ni kama kwenda kuvua maji yakiwa yametoka halafu kuandika kwamba bahari haina samaki.

Mikoa hii miwili kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 2.8. Ukitaka kujua dawa za kulevya zinatusumbua kiasi gani, takwimu utakazozikuta kwa urahisi ni za kilo. Bangi magunia kadhaa, mirungi tani kadhaa, heroini kilo kadhaa. Pwani yetu imo kwenye hesabu hiyo: Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi, na njia ya majahazi kutoka pwani ya Iran na Pakistan kushuka hadi kaskazini ya Msumbiji inapita mbele ya macho yetu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi ya maana, siibezi. Lakini kilo inakuambia ujanja wa polisi na wingi wa mzigo. Haikuambii mtoto wa Kitangari, huku Newala, alianza na nini, saa ngapi, na nani. Na mamlaka hiyo kwa sheria yake haihusiki na pombe. Nipa iko chini ya sheria nyingine, ya miaka ya 1960, inayomlenga zaidi mpikaji. Mnywaji wa miaka 14 anadondoka katikati ya sheria mbili.

Hapo ndipo utafiti wetu unapokutana na fundo ambalo sijaona likifunguliwa vizuri. Mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhojiwa mpaka mzazi atie saini. Ni utaratibu sahihi, na kamati za maadili ya utafiti ziko sahihi kuudai. Sasa mzazi anayetia saini ndiye mwenye pipa. Swali la tano la dodoso linasema: "Kinywaji hicho ulikipata wapi?" Mtoto akijibu ukweli amemtaja mama yake. Mama akijua swali hilo lipo, saini haitoki, au inatoka baada ya mtoto kufundishwa la kusema. Nimewahi kumsikia dada yangu akimfundisha. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyohivyo mwaka ambao askari walikuja na kumwaga pipa la mama.

Njia ipo. Swali la mahali linaweza kuondolewa kabisa. Ukitaka kujua ukubwa wa tatizo huhitaji jina la mpikaji. Uliza mara ngapi, uliza alilewa au hakulewa, uliza kama aliwahi kusahau alichofanya, kama hunywa akiwa peke yake, kama alipanda pikipiki ya mtu aliyelewa, kama wenzake wamewahi kumwambia apunguze. Maswali ya namna hii, sita tu, yalitengenezwa na madaktari wa watoto wa Boston na sasa hutumika sehemu nyingi kumpima kijana kwa dakika chache. Yana siri moja nzuri: hayaulizi sana ni kiasi gani, yanauliza kinywaji kimekufanyia nini. Kwa mtu wa uraka, ambao haupimiki kwa chupa, ndiyo maswali yenyewe. Na kila kitu kitajwe kwa jina lake: uraka peke yake, nipa peke yake, tembo la mnazi, jani la bangi, ugoro, kuberi. Neno "dawa za kulevya" liachwe kwenye mabango.

Wapo wanaosema haya yote ya nini, wapimeni mkojo. Kwenye kikao kimoja cha wazazi nilichohudhuria hoja hiyo ilipigiwa makofi. Niliposimama kuipinga nilionekana natetea wahuni. Lakini fikiria: pombe hupotea mwilini kwa saa, bangi kwa anayevuta sana huweza kuonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Jumatatu asubuhi kipimo kitamkamata aliyevuta jani wiki mbili zilizopita, na kitampitisha aliyelala mtaroni Jumamosi kwa nipa. Tutamfukuza shule wa kwanza, wa pili tutampa ukaka mkuu.

Nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu matibabu niliyajifunza kwake, na niliyajifunza vibaya.

Uraka ulikwisha na msimu, nipa haikwisha. Mabibo yaliyokaushwa huendelea kupikwa hata masika. Kidato cha kwanza alikwenda, cha pili alikwenda nusu. Jani likaja juu yake. Akiwa na miaka 16 aliuza gunia la korosho la bibi yake kwa kangomba, akalala nje siku tatu. Ukoo ukakaa. Kwa kuwa mimi ndiye mjomba na ndiye mwenye mshahara, neno likawa langu, nami nikasema tumpeleke Dar es Salaam kwenye nyumba moja ya kuwasaidia waraibu niliyosikia inasifiwa. Tulichanga. Alikaa miezi mitatu.

Wale jamaa hawakuwa watu wabaya. Walimlisha, walimwamsha alfajiri, walimfundisha kusema mbele ya wenzake "mimi ni mraibu". Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa ya watu wazima wa unga. Mpwa wangu alilala chumba kimoja na mateja wa miaka 30. Alikwenda akijua mabibo, akarudi akijua arosto ni nini, kete inauzwaje, mtaa gani ukifika huulizi mara mbili. Alirudi mnene, amenawiri, amefika Septemba. Oktoba alikuwa juu ya ile ndoo.

Baadaye nilisoma, nikakuta kosa langu lina jina na lina miaka. Mwaka 1999 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Dishion, na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo kwenye vikundi vya kuwarekebisha kunaweza kuwazidishia matatizo hayohayo: wanafundishana, na wanachekeana ujinga mpaka ujinga unakuwa sifa. Na hapo walikuwa rika moja. Mimi nilimchanganya na watu wa umri wa baba yake.

Kosa la pili lilikuwa la kufikiri ulevi ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Watu wengi hapa wakisikia tiba wanasikia methadoni. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na imeokoa watu wengi, lakini inakaa pale ilipokuwa inakaa heroini. Kwa mtoto wa nipa na jani haina kazi yoyote. Yeye tiba yake kubwa ni mazungumzo, neno ambalo wazazi wakilisikia wanakunja uso, kwa sababu wameshamsema sana. Kusema si ndiko kunakotakiwa.

Muuguzi mmoja wa zahanati, mwanamke wa makamo aliyepata mafunzo mafupi ya afya ya akili, ndiye aliyenionyesha. Alimkalisha mpwa wangu kwenye benchi la nyuma, siku isiyo ya kliniki, akamuuliza swali ambalo ukoo mzima haukuwahi kumuuliza:

"Ukinywa, unapata nini kizuri?"

Kijana akakaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema akinywa hafikirii shule, na wenzake humwita kwa jina. Muuguzi akaandika. "Na kibaya?" Akasema asubuhi mikono humtetemeka, bibi hamsemeshi. "Hili la bibi na hili la kuitwa jina, lipi lina uzito kwako?" Hakumjibia. Alimwachia swali, akamwambia arudi Alhamisi.

Ulikuwa mkutano wa dakika 20. Mtindo huo wa mazungumzo uliasisiwa na William Miller mapema miaka ya 1980 kwa ajili ya walevi, na kwa vijana umepimwa sana. Jaribio moja kubwa la Marekani, lenye vijana 600 wa bangi, lililinganisha tiba tano tofauti. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2004 ilionekana zote zimesaidia kwa kiasi kinachokaribiana, na mojawapo ya zile zenye faida kubwa kwa gharama ndogo ilikuwa ya mikutano mitano tu. Mitano! Sisi tulilipa miezi mitatu na nauli. Jaribio hilohilo linasema jambo la pili ambalo hakuna kituo kitakachokubandikia ukutani: mwaka mmoja baadaye vijana wengi kati yao walikuwa bado wanatumia au wana matatizo. Kurudi nyuma ni sehemu ya safari yenyewe. Anayekuuzia uponyaji wa siku 90 anakuuzia gunia lenye mchanga chini.

Nani ataifanya kazi hiyo huku? Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na Mirembe, hospitali yao, iko Dodoma. Nimesema muuguzi. Zimbabwe wamekwenda mbali zaidi: Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye sonona, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 likaonyesha waliosikilizwa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hiyo ilikuwa sonona, si ulevi, sichanganyi mambo. Ila nikiona nyakanga wa kwetu, kungwi wa unyago, mwanamke ambaye wasichana wa vijiji vitatu humkumbuka maneno yake mpaka uzeeni, najiuliza kwa nini tukitafuta mshauri nasaha tunaanza kwa kutangaza nafasi ya kazi yenye sharti la shahada. Akitetemeka sana na kutokwa jasho baada ya kukatiza pombe, au akianguka kifafa, hapo ni hospitali, na upesi. Anayesikia sauti za watu wasiokuwapo naye ni hospitali. Wengi hawajafika huko.

Tiba nyingine yenye ushahidi ni ile ya familia, iliyokuzwa na Howard Liddle na wenzake huko Miami, ambapo mtaalamu humwona kijana peke yake, wazazi peke yao, kisha wote pamoja. Ikiletwa hapa jinsi ilivyo, watamwita baba na mama. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera watacheka kidogo. Kwa desturi zetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anaweza kuwa mtu mwema anayeishi kijiji cha pili, lakini neno linalomfunga kijana hutoka kwa mjomba, na chakula hutoka kwa bibi. Familia ya kutibiwa ni hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa kutoa pesa na hukumu. Muuguzi aliponiita kwenye benchi na kuniuliza mara ya mwisho nilikaa na huyu kijana bila kumsema ilikuwa lini, sikuwa na jibu.

Watu wakitaka mfano mkubwa hutaja Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya watoto wao wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Wengi wanakumbuka michezo na muziki waliowalipia watoto, halafu wanasema sisi hatuna pesa. Kweli hatuna. Lakini walifanya jambo jingine la bei nafuu: walihesabu kila mara, na majibu ya kila eneo yakarudi haraka kwa wazazi wa eneo hilo, wakasomewa, wakapatana saa za watoto kuwa nyumbani. Huku mtafiti akiondoka na madodoso yetu, tumemuaga. Majibu, kama yapo, yako kwenye jarida la Kiingereza linalosomwa kwa kulipia.

Nikipewa nafasi ningeuliza Novemba, vijijini, chini ya mikorosho, kwa vijana wa kijiji kingine waliofundishwa kuuliza, na Januari ningesoma majibu kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, bila jina la mtu wala la mwenye pipa. Na ningeanza na wale wa miezi minne. Mtaala mpya umefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo watakaokuwa wanasubiri sekondari msimu wa korosho, siku si nyingi, watakuwa wadogo zaidi.

Mpwa wangu sasa ana miaka 18. Msimu uliopita alikunywa, si kila siku. Korosho anazookota zinapimwa kwa jina la bibi yake, pesa inaingia kwa bibi, na yeye ndiye aliyependekeza hivyo, si mimi. Kila nikienda huwa tunakaa saa nzima, na kwa kawaida mada ni timu ya Ndanda na makocha wake wa zamani.

Kilichobaki ni dada. Nilimwomba aache kupika, angalau nyumbani. Akaniuliza ada ya mdogo wa huyu kijana ataitoa wapi, halafu akanikumbusha ya kwangu ilitoka wapi. Wiki iliyofuata alihamishia pipa uani kwa jirani. Kutoka dirisha la kijana mpaka pale ni hatua 40, nilizihesabu.